Kuba ya Matofali Mabichi Bila Kuseti Mbao: Mwongozo Kamili kwa Aliyejaribu Ikaanguka

Nikitumiwa picha ya kuba iliyoanguka, siku hizi sianzi na lile rundo la matofali katikati ya chumba. Natazama kuta za pembeni. Mara nyingi jibu liko pale: ukuta wa sentimita 30 umelala kwa nje kidogo, na juu yake inaonekana alama ya mahali mguu wa tao ulipokuwa umekaa. Mwenye nyumba analaumu udongo, fundi analaumu mvua, na ukuta uliosogea haulaumiwi na mtu.

Kuba yangu ya kwanza ilianguka hivyohivyo, usiku, siku ya tatu baada ya kufungwa. Bahati ilikuwa banda la mbuzi, na mbuzi walikuwa bado hawajahamia.

Nikisema kuba hapa, sina maana ya lile duara la juu ya msikiti. Nazungumzia paa la matofali lililopinda kama handaki, tao lililorefushwa kutoka ukuta mmoja wa chumba hadi mwingine. Namna ninayoeleza ni ya Wanubi wa kusini mwa Misri na kaskazini mwa Sudani. Wao huegemeza kila safu ya matofali kwenye safu iliyotangulia, kwa hiyo hawahitaji mbao za kusetia, yaani za kulishikilia tao linapojengwa, wala mirunda chini yake. Ukitaka uthibitisho kwamba inadumu, maghala ya tofali bichi, yaani la udongo lisilochomwa, ya Ramesseum, hekalu la Farao Ramses wa Pili karibu na Luxor, yana zaidi ya miaka 3,000 na baadhi ya kuba zake bado zimesimama.

Vipimo vyote vya mwongozo huu ni vya chumba kimoja: upana wa ndani mita 3, urefu mita 4. Usiongeze upana huo kwenye kazi yako ya kwanza. Ukitaka nafasi zaidi, refusha chumba.

## Kwanza: je, mahali pako panafaa?

Kuna mahali nitakukataza moja kwa moja.

Eneo la tetemeko ni la kwanza. Tofali bichi lina nguvu likibanwa, lakini likivutwa halina kitu. Tetemeko la Kagera la Septemba 2016 liliangusha nyumba nyingi za tope na za tofali zisizokuwa na mkanda wa kuzishika. Kama uko Bukoba, Kigoma, Goma, Bukavu au popote ardhi inapotikisika mara kwa mara, usijenge kuba hii bila mhandisi. Watu huniuliza mbona Kigali kuna kuba kubwa kwenye uwanja wa kriketi wa Gahanga, uliofunguliwa 2017. Ile ni kazi nyingine: vigae vyembamba vilivyobandikwa tabaka juu ya tabaka, vikawekewa wavu wa kuimarisha kati ya tabaka, na wahandisi walikaa chini wakapiga hesabu.

La pili ni bondeni panapotuama maji. La tatu ni pwani yenye mvua nyingi. Waliojenga kuba za Kilwa walitumia mawe ya matumbawe na chokaa, na hawakuwa wajinga.

Pia kuba yako ya kwanza iwe ghala, stoo au banda. Isiwe chumba cha kulala watoto.

## Vifaa

Kusanya vyote kabla hujaanza, kwa sababu kozi (safu moja ya matofali ya tao) iliyoachwa nusu ikakauka inakusumbua baadaye.

- Matofali ya kuba 1,300, ya sentimita 25 kwa 15, unene 5. Yatakayotumika ni kama 1,150; yaliyobaki ni ya kuvunjika.
- Matofali ya kawaida ya ukuta, ya kutosha kama mita za ujazo 17.
- Mawe ya msingi.
- Nyasi kavu au mabua yaliyokatwakatwa, yasiyozidi urefu wa kidole.
- Vipande vya mawe au vigae vilivyovunjika, vya ukubwa wa dole gumba, karai kumi hivi. Wanaokosea karibu wote huviacha hivi.
- Kalibu ya mbao, chekeche ya milimita 5, mwiko, pimamaji, timazi.
- Mnyororo mwembamba wenye urefu wa mita 4 na sentimita 48.
- Uzi imara usiolegea, misumari, maboksi makubwa au mbao nyepesi za kukatia umbo.
- Jukwaa la kusimamia, ngazi, na mbao tatu nzito.
- Turubai la kufunika chumba kizima.
- Nailoni nzito, chokaa, mchanga, na mabomba manne ya kutolea maji.

Watu: mafundi wawili juu, mmoja wa kuchanganya tope, wawili wa kupandisha matofali. Hassan Fathy, msanifu majengo wa Misri, alisimulia mafundi wawili kutoka pande za Aswan waliofunika chumba cha ukubwa huu kwa siku moja na nusu. Wewe jipangie siku tano.

## Hatua ya 1: Jaribu udongo

Chukua udongo wa chini ya futi mbili, ule wa juu una mizizi. Loanisha, kanda, kisha viringisha mkate mnene kama vidole viwili. Usukume taratibu utokeze nje ya ukingo wa meza mpaka ukatike wenyewe.

Kipande kilichokatika kikiwa kifupi kuliko sentimita 5, udongo una mchanga mno. Kikizidi sentimita 15, una mfinyanzi mno na tofali litapasuka likikauka. Kati ya hapo, endelea.

Wa mchanga mno uongezee udongo wa kichuguu. Wa mfinyanzi mno uongezee mchanga. Rudia jaribio, usikisie kwa macho.

## Hatua ya 2: Fyatua matofali ya kuba

Matofali haya ni membamba na mepesi kuliko ya ukuta, na yana nyasi nyingi zaidi. Yakiwa mazito, tope halitaweza kuyashika yakiwa yameegemea hewani.

Loweka udongo na nyasi siku mbili, ukanyage, ufyatue. Tofali likiwa bado bichi ndani ya kalibu, pitisha vidole viwili juu ya uso wake mpana, kutoka pembe hadi pembe, ubaki na mifereji miwili. Usione ni urembo. Mifereji hii inalipa tope mahali pa kung'ang'ania, na tofali likibandikwa linanyonywa kama chupa iliyolowa juu ya meza. Tofali laini linateleza, likateremka na mkono wako.

Kausha kivulini siku tatu, kisha juani, ukigeuza. Hesabu wiki tatu.

Kujua yamekauka: vunja moja. Rangi ya ndani na ya nje iwe sawa. Lingine liachie kutoka kiunoni litue kwa pembe kwenye ardhi ngumu. Zuri litamegeka pembe tu. Likisambaratika, rudi hatua ya kwanza, na usitumie hata moja la fungu hilo.

## Hatua ya 3: Msingi na kuta, hapa ndipo kuba inapoangukia

Tuchukue muda hapa.

Kuba ya vipimo hivi ina uzito wa karibu tani 1.4 kwa kila mita moja ya urefu wa chumba. Kila ukuta wa pembeni unabeba nusu, karibu kilo 700, na huo uzito wa kwenda chini hauna shida. Shida ni kwamba tao linataka kujifungua miguu. Linasukuma kila ukuta kwenda nje kwa nguvu ya karibu kilo 290 kwa kila mita, na linausukuma juu kabisa, mahali ambapo ukuta ni rahisi kuangushwa.

Nimelinganisha kwa hesabu ukuta wenye kimo cha mita 1.5. Wa unene wa sentimita 30 unashindwa: uzito wake na uzito wa kuba juu yake havifiki hata theluthi mbili ya kinachohitajika kuzuia ule msukumo. Wa sentimita 60 unaushinda msukumo karibu mara mbili. Kwa hiyo usiniulize kama 40 inatosha. Unachookoa kwenye matofali ya ukuta utakilipa kwa kujenga paa mara mbili.

Wengine hujaribu kupunguza urefu wa tao ili wapunguze kazi. Ni kinyume chake: tao likilala, msukumo unapanda. Ukilikata kimo nusu, msukumo unakaribia kuwa mara mbili.

Basi fanya hivi:

Chimba msingi wa upana wa sentimita 80, kina 60, au zaidi mpaka ufike udongo mgumu. Jaza mawe yaliyofungamana. Pandisha mawe mpaka sentimita 30 juu ya ardhi, maana tofali bichi likigusa maji ya chini linayeyuka kuanzia mguuni.

Kuta mbili za pembeni, zile za mita 4, ziwe na unene wa sentimita 60 na kimo cha mita 1.5 kutoka sakafuni. Juu ziwe tambarare kwa pimamaji.

Kuta mbili za mwisho, zile za upana, ziwe na unene wa 45, nazo zipande mpaka mita 3.2. Nitaziita kuta za mgongo, kwa sababu kuba itaziegemea. Mlango na dirisha viwekwe kwenye hizi tu. Ukitoboa ukuta wa pembeni umeutoboa ule unaozuia msukumo.

Fungamanisha pembe zote nne kozi kwa kozi. Kisha subiri wiki mbili hadi tatu. Ukuta mbichi unasinyaa ukikauka, na ukijenga kuba juu yake mguu mmoja utashuka kuliko mwingine.

Kujua mambo yako sawa: timazi kwenye uso wa nje wa kuta za pembeni inaanguka wima, na umbali kati ya kuta ni mita 3 pale mwanzo, katikati na mwisho. Andika vipimo hivyo mahali, utavihitaji.

## Hatua ya 4: Chora umbo kwa mnyororo, siyo kwa duara

Fundi aliyezoea tao la mlango atachukua uzi, apige msumari katikati, achore nusu duara. Kwa mlango sawa. Kwa paa hili ni kosa, na linahesabika.

Tao la nusu duara lisiloshikiliwa mabegani, yaani pande zake mbili kati ya mguu na kilele, linahitaji unene wa karibu asilimia 11 ya nusu kipenyo chake ili lisimame kwa uzito wake lenyewe. Kwa chumba cha mita 3 hiyo ni karibu sentimita 17. Tofali lako lina 15. Mabega yatatoka nje, kilele kitazama, na utasikia mlio mmoja tu.

Mnyororo ukiuning'iniza kwa ncha mbili, wenyewe unachagua umbo ambalo kila pingili inavutwa tu, hakuna inayopindwa. Geuza umbo hilo juu chini, unapata tao ambalo kila tofali linabanwa tu. Na kubanwa ndiyo kazi pekee ambayo tofali bichi linaiweza. Mwingereza Robert Hooke aliliandika hilo mwaka 1675, na mnyororo wa kufungia ng'ombe unakuonyesha bure.

Piga misumari miwili kwenye ukuta wowote tambarare, mita 3 kati yake, usawa mmoja. Ning'iniza mnyororo wa mita 4.48. Katikati utashuka mita 1.5. Usipofika hapo, rekebisha urefu wake. Weka maboksi yaliyounganishwa nyuma yake, chora, kata, geuza.

Kagua kwa vipimo hivi, ukianzia katikati ya chumba kwenda upande wowote, na kimo kikihesabiwa kutoka juu ya ukuta wa pembeni:

- Katikati: sentimita 150
- Sentimita 50 kutoka katikati: 136
- Sentimita 75: 118
- Sentimita 100: 91
- Sentimita 125: 52
- Sentimita 150, yaani ukutani: 0

Tofauti ya sentimita 2 vumilia. Ya 5, chora upya.

Pandisha kiolezo hicho kwenye kuta zote mbili za mgongo na uchore mstari. Ukirudi nyuma hatua kumi ukautazama, utaona umechongoka kidogo kama yai. Ukiuona ni mviringo mzuri kama wa msikitini, umekosea.

## Hatua ya 5: Funga nyuzi saba

Kwenye mistari yote miwili pigilia msumari mmoja kileleni katikati, kisha kwenye alama za sentimita 50, 100 na 125 kutoka katikati, kulia na kushoto. Funga uzi kutoka ukuta wa mgongo mmoja hadi wa pili. Unapata nyuzi saba zilizonyooka, na ndizo ngozi ya ndani ya kuba yako.

Bila nyuzi, mkono wa fundi huchoka na tao hulala kidogo kila kozi. Kozi thelathini baadaye una paa jingine kabisa.

Tofali lisiuguse uzi. Acha nafasi ya unene wa uzi. Ukiuona uzi umepinda, kuna tofali linausukuma. Ling'oe sasa hivi.

## Hatua ya 6: Kozi za mwanzo, ujanja wote uko hapa

Tope la kubandikia lichekechwe, liwe na nyasi laini kidogo, na lishike kwenye mwiko uliogeuzwa bila kudondoka. Usitie saruji. Saruji haibandi haraka, na ikikauka inakuwa ngumu kuliko tofali, kwa hiyo jengo likisogea kidogo linalopasuka ni tofali.

Usiloweke matofali. Tofali kavu ndilo linalonyonya maji ya tope na kushika ndani ya sekunde chache.

Anzia kwenye ukuta wa mgongo, miguu yote miwili kwa pamoja:

Simamisha tofali la kwanza kwa urefu wake juu ya ukuta wa pembeni, uso wenye mifereji ukitazama ukuta wa mgongo, tope nyuma yake. Fanya vivyo hivyo upande wa pili. Kozi ya kwanza imekwisha: tofali moja kulia, moja kushoto.

Kozi ya pili anza na nusu tofali, kisha zima juu yake, ili viungo visikutane. Mguuni weka tope nene kidogo kuliko juu, kama kabari. Hii kabari ndiyo inayoilaza kozi nyuma, iegemee mgongo.

Kozi ya tatu ipande zaidi. Ya nne zaidi. Kila moja inafika juu kuliko iliyotangulia, na kila moja inalala zaidi, mpaka kozi ya tisa au ya kumi inapokutana kileleni. Hapo mguu wake utakuwa umetoka sentimita 60 mbele ya ukuta wa mgongo, wakati kilele chake kinaugusa. Huo ndio mlalo utakaoutunza mpaka mwisho.

Mlalo unafanya kazi gani? Tofali lililolala halidondoki, linateleza. Na tope likilishika lisiteleze kwa dakika mbili, kozi ikishafunga inajibeba yenyewe. Ukijenga kozi wima, hakuna kinacholizuia tofali la kileleni ila mkono wako, na mikono ni miwili tu.

Nimeona mafundi wazuri wakikataa kuamini hapa. Wanasimamisha kozi wima kwa sababu jicho lao limezoea timazi, kisha wanatafuta mirunda ya kuzuia. Ukijiona unatafuta mirunda, shuka, kunywa chai, urudi ulaze kozi.

Dalili nzuri: ukibandika tofali, ukalisukuma mara mbili kwa kiganja na kuliachia, linabaki.

## Hatua ya 7: Kozi kamili, na vipande vya mawe

Sasa kazi inakwenda kwa mdundo. Mafundi wawili, kila mmoja upande wake, wanapanda pamoja na kukutana juu. Mmoja asimtangulie mwenzake zaidi ya matofali mawili, la sivyo tao linasukumwa upande mmoja.

Tope kati ya kozi na kozi liwe sentimita 1 hadi 1.5. Likizidi linasinyaa, na kuba nzima inashuka.

Ndani ya kozi moja, matofali mawili yanayofuatana yaguse kwa ukingo wa ndani. Kwa kuwa tao limepinda, ukingo wa nje utaacha mwanya kama kabari. Usiujaze tope tupu. Gongomea kipande cha jiwe au kigae, kikavu, kwa mpini wa mwiko, mpaka kikaze. Tope la kuziba liingie baadaye.

Sababu yake: tope linasinyaa, jiwe halisinyai. Kuba isiyo na vipande hivi inasimama vizuri siku ile ya picha, kisha tope la mianya likikauka matofali yanatafuta mahali pa kukaa na kilele kinashuka. Kuba nyingi zinazoanguka "bila sababu" wiki ya kwanza zimeanguka kwa hili. Nikitumiwa picha ya rundo na sioni kipande hata kimoja cha jiwe katikati ya matofali, sina haja ya kuuliza zaidi.

Kila jioni malizia kozi mnayoijenga. Kozi isiyofunga isilale usiku. Funika kwa turubai. Asubuhi pima tena umbali kati ya kuta za pembeni na ulinganishe na uliouandika hatua ya tatu. Ukiongezeka hata sentimita 1, simamisha kazi, toa watu ndani, na tafuta sababu kwenye ukuta.

Fundi asimame kwenye sehemu ambayo bado haijafunikwa, juu ya jukwaa, akiutazama mgongo. Asiwepo mtu chini ya kozi za siku hiyo.

## Hatua ya 8: Kukutana katikati

Mkifika karibu nusu ya chumba kutoka mgongo wa kwanza, hamieni wa pili na muanze upya kutoka hatua ya sita. Kuba mbili zitakuja zikitazamana.

Kwa kuwa zote zinalala nyuma, miguu itakutana kwanza. Juu litabaki pengo kama jani: jembamba mabegani, pana kileleni, kama mita 1.2.

Hapa watu hushikwa na haraka wakajaza kwa matofali ya kulaza. Yataanguka. Endelea na kozi zilezile, ila sasa kila kozi ni fupi kuliko iliyotangulia, na miguu yake haikai tena ukutani bali kwenye ile pembe ambayo kozi za pande mbili zimekutana. Chonga tofali la mguu lifuate pembe hiyo, likae kwa uso mzima, siyo kwa ncha. Fanya kozi moja upande huu, moja upande ule, pengo lizibe sawasawa.

Tofali la mwisho kileleni usilipige kwa nyundo. Lichonge lipite kwa kusukuma, kisha kaza kwa vipande vya mawe pande zote. Nimeona fundi akipiga nyundo moja ya furaha, akafungua viungo vitatu upande wa pili.

Ukiingia ndani asubuhi kabla ya kuziba kwa tope, utaona vijimwanga vidogo kwenye mianya, lakini nyuzi zote saba zimenyooka na kuba haijaugusa hata mmoja. Hiyo ni kuba nzima.

## Hatua ya 9: Jaza mabega

Usipande juu ya kilele bado. Subiri siku kumi.

Kisha pandisha ukingo wa nje wa kuta za pembeni, unene wa sentimita 20, kimo cha nusu mita. Kati ya ukingo huo na uso wa nje wa kuba panabaki bonde. Lijaze udongo mkavu uliochanganywa na vipande vya tofali, kwa tabaka za sentimita 15, ukishindilia kwa miguu, siyo kwa chuma.

Jaza kulia tabaka moja, kushoto tabaka moja. Nasema tena: zamu kwa zamu. Ukijaza upande mmoja wote kwanza, umeisukuma kuba kwa mkono wako.

Uzito huu unazuia mabega yasitoke nje na unaukandamiza ukuta chini, ambapo ndipo tunapoutaka.

## Hatua ya 10: Maji

Kuba ya tofali bichi ikishakauka, adui yake ni maji yanayotuama, hasa kwenye yale mabonde ya mabegani. Yape mteremko wa sentimita 4 kwa kila mita, yaelekee kwenye mabomba manne yanayotokeza nje ya ukuta angalau sentimita 60. Bomba fupi linamwaga maji kwenye ukuta uleule unaozuia msukumo, na mwaka wa pili utauona umeliwa chini.

Piga ripu ya udongo na nyasi sentimita 2 juu ya kuba nzima. Ikikauka na kupasuka, usiogope, ziba nyufa. Tandaza nailoni nzito, vipande vipandane sentimita 30, cha juu kikilala juu ya cha chini. Juu yake ripu nyingine ya udongo ya sentimita 3, kisha chokaa moja kwa mchanga tatu, tabaka mbili nyembamba, ukinyunyizia maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima.

Ndani piga chokaa tu. Saruji ndani na nailoni nje ni kuufungia unyevu katikati ya tofali.

Yote haya yaishe kabla ya mvua. Kama kwenu mvua huanza Novemba, matofali yafyatuliwe Juni na kuba ifungwe kabla ya Septemba kuisha. Ukichelewa, funga kuta, funika, ngoja mwaka ujao.

## Nyufa za kuhofia na zisizo za kuhofia

Nyufa za nywele zinazokwenda ovyo kwenye ripu ni za kukauka tu. Ufa mmoja mrefu ndani, kileleni, unaofuata urefu wa chumba, ni habari nyingine: kuta zimefunguka. Upime kwa kubandika kipande cha karatasi kwa gundi juu yake. Karatasi ikichanika ndani ya wiki, ufa unatembea. Toa vitu, usiingie, na ukuta wa nje uwekewe nguzo za kuegemeza za mawe kabla ya kugusa kuba yenyewe.

Ufa wa mlalo kwa nje mabegani mara nyingi unaonyesha umbo lililokuwa nusu duara. Huu hauzibwi kwa tope. Kama mabega bado hayajajazwa, jaza leo, zamu kwa zamu. Kama yamejazwa na bado unafunguka, ishushe kuba kwa kufuata kinyume cha ulivyoipanda, kozi ya mwisho kwanza, na matofali yatakayosalimika utayatumia tena.

Mvua ya kwanza ikinyesha, usibaki ndani kutafuta tone. Zunguka nje na utazame yale mabomba manne, yote yanatoa maji au kuna lililoziba.